Mpaka Jina la Mwisho

Kwa Habiba binti Abibu, mchezo ambao hukuumaliza hukuucheza, uliushikashika tu. Alilisema jambo hilo kwa sauti ile ile ambayo marehemu baba yake, fundi cherehani wa mtaa wa Katuba mwenye asili ya Maniema, aliwaambia wateja kwamba kanzu isiyopindwa ncha bado ni kitambaa. Watu walicheka. Mwanamke wa miaka thelathini na mbili, cherehani upande huu wa chumba na mashine ya michezo upande ule, amekaa mbele ya televisheni ndogo isiyo na rangi, maneti, kile kidude cha vitufe, mkononi, ulimi umechungulia kidogo kama wa mtu anayetunga uzi. Walimwambia atazeeka bila mume.

"Miye nitazeeka, bwana aje ao asikuje," aliwajibu. "Mais tablo ya munane nitaipita."

Alikuwa na maoni juu ya kila kitu kilichowekwa kwenye ile mashine. Michezo ya magari aliidharau: unazunguka, unazunguka, unarudi pale pale ulipotoka, kama serikali. Ya kupigana ilikuwa ugomvi wa sokoni, na hakuna aliyewahi kumaliza ugomvi wa sokoni. Alichokipenda ni kimoja, kaseti aliyoipata mpakani Kasumbalesa, ya mtu mfupi mwenye kofia ya chuma anayefuata kengele saba zilizoibwa mjini kwake. Maandishi yote yalikuwa ya Kijapani. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kuyasoma, watu wa mtaa walijitungia majina. Lile jitu la mwisho lililokaa juu ya kengele ya saba walilibatiza Mwenye Nyumba, kwa sababu lilikuwa nene na lilitokea mlangoni bila kubisha.

Kaseti ile haikuwa na kumbukumbu. Ukizima mashine, kengele zote zinarudi kwa mwizi nawe unaanza upya. Ndiyo maana wachezaji wa Katuba walikuwa na desturi yao: ukichoka unazima televisheni peke yake, mashine unaiacha inawaka siku mbili tatu, imewekwa juu ya tofali ili ipate hewa. Habiba alifika tablo ya saba, yaani hatua ya saba kati ya nane, mara nne. Mara zote nne umeme ulikatika.

Katika muziki alikuwa mgumu vile vile, na hapo ndipo alipogombana na Rigobert. Rigobert alikuwa jirani yake wa ukuta, kazi yake kunakili kaseti za nyimbo. Yeye aliamini kwamba wimbo unaanzia kwenye sebene, pale magitaa yanapowaka na watu wanapoacha viti. Mwaka ule ndombolo ilikuwa imeingia kila baa, na Rigobert aliinakili mpaka vichwa vya redio yake vikalika.

"Ndombolo ni sebene yenye ilimufukuza mama yake mu nyumba," Habiba alimwambia. "Maneno iko wapi? Huzuni iko wapi? Unafika kwa matanga, haujalia, unaomba chakula."

"Na rumba yako? Muntu anaomba musamaha dakika sita! Hata padiri anachoka."

"Unachoka weye. Sebene ni haki ya mwenye kusikiliza maneno."

Karindula aliiheshimu, lile banjo kubwa la pipa na ngozi ya mbuzi, na waimbaji wake wanaotaja makosa ya watu hadharani bila kupepesa. Ila alikuwa na neno moja nayo: mwimbaji wa karindula hamalizi wimbo, anachoka tu. Na taarabu za santuri za baba yake alizisifu kwa kuwa humo wanawake wanatukanana kwa adabu.

Rigobert alidai kwamba yeye ule mchezo wa kengele amekwisha kuumaliza. Aliumaliza mtaa wa Karavia, alisema, katika nyumba ya mhandisi mmoja mwenye jenereta, kwa ile hila ya vitufe inayokupa roho thelathini za kufa na kurudi, badala ya tatu. Mwishoni kuna ndoa. Mtu wa kofia anaoa.

"Mwenye roho makumi tatu hajui shimo ni nini," alisema Habiba. "Na ile ndoa yako siiamini."

Wengi walidhani ni ukaidi wa mtu asiye na watoto. Lakini Habiba alikuwa ameingia chuo, kule Kasapa, kusoma historia, na mwaka wa pili ulikuwa haujaisha wakati chuo kilipofungwa na wanafunzi wakatawanywa, mwaka wa tisini. Kilipofunguliwa baba yake alikuwa kaburini na cherehani inamngoja. Alikuwa na mchumba, kijana wa Kasai, ambaye mwaka wa tisini na tatu alipandishwa treni pamoja na ndugu zake waliofukuzwa mkoani. Barua zake zilikuja mbili, na ya pili iliishia na ahadi kwamba ataendelea kesho yake. Katika mji ule kila kitu kilikatwa kabla ya mwisho, hata mshahara, hata misa. Habiba alitaka kitu kimoja, kimoja tu, akione kinavyokwisha.

Basi ikafika Aprili ya tisini na saba. Waasi walikuwa karibu, kila redio ilisema hivyo kwa lugha yake, na askari wa serikali walianza kuondoka kwa lolote lenye magurudumu. Jumatatu asubuhi akaja Paluku. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini, Mkristo wa kufunga na kukesha, mwenye kamyoneti, gari dogo la mizigo, aliyoiegesha katika ua waliouchangia yeye na Habiba. Alibeba beseni kichwani mwenyewe, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, na beseni limejaa majani ya sombe, yaani kisamvu. Aliyafunua. Chini yake palikuwa na betri ya kamyoneti.

"Mama Habiba, uniwekee. Basoda ba serikali banabeba kila motokari yenye kutembea. Yenye haitembei, banaiacha."

"Na bakiuliza?"

"Nani atatafuta betri kwa mushonaji? Wakitulia, naiweka, napakia bibi na batoto, tunavuka mupaka. Hii ni amana, mama. Hapana mwingine nayemwamini."

Neno amana lilimwingia Habiba. Aliisukuma betri chini ya meza ya cherehani na kuifunika kwa mabaki ya vitambaa.

Jumanne saa nne umeme ulikatika, na safari hii haukurudi upesi. Habiba alikuwa tablo ya saba, mara ya tano sasa. Mtu wa kofia alikuwa hewani, anaruka, na kioo kikawa cheusi kabla hajatua. Aliweka maneti mapajani, na macho yake yakateremka, polepole, mpaka chini ya meza.

Na tusimpambe. Alijua anachokifanya. Alijiambia atacheza kidogo tu, betri haitasikia, na alijua kwamba anajidanganya. Alimwita Rigobert, ambaye alielewa nyaya, na Rigobert akatumia saa moja kuunga televisheni na mashine kwenye betri, kwa sharti kwamba na redio yake iungwe pia.

"Juu ya habari," alisema.

"Juu ya ndombolo," alisema Habiba.

Siku mbili walikaa hivyo, milango imefungwa, milio ikisikika upande wa uwanja wa ndege, yeye akianza tena kutoka kengele ya kwanza, Rigobert akigeuza kaseti. Habiba alilala, aliswali, alipika bukari ya unga wa mahindi, na mashine iliwaka juu ya tofali lake. Alipocheza tablo ngumu alimwamuru Rigobert aweke rumba, sehemu ya maneno peke yake. Kila sebene ilipokaribia, Rigobert alitakiwa kurudisha mkanda nyuma. Alifanya hivyo huku akilaani.

Alhamisi baada ya adhuhuri alikuwa ndani ya tablo ya nane. Roho zilibaki mbili, na Mwenye Nyumba alikuwa amesimama mbele yake, mnene, hana haraka. Ndipo mlango uliposukumwa. Aliingia Paluku kwanza, shati limechanika begani, na nyuma yake askari wawili. Mmoja alikuwa mtu mzima mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Mwingine kijana, bunduki yake imefungwa kamba ya viatu badala ya mkanda.

"Mama, bamenipiga," alisema Paluku. "Uwape betri tu."

Kisha akaiona. Akaona na nyaya tatu zilizotoka kwenye vichwa vya betri, akazifuata kwa macho hadi televisheni, hadi redio. Hofu ya bunduki ikamtoka usoni, ikaja nyingine.

"Habiba," alisema, bila kumwita mama. "Umefanya nini?"

Habiba hakugeuka. Aibu ilimpanda shingoni kama joto la pasi, lakini vidole havikusimama. "Kosa ni yangu, Papa Paluku. Nitakuomba musamaha kisha."

"Simama!" alisema yule askari mkubwa.

"Ngoja."

"Nasema simama!"

"Na miye nasema ngoja. Motokari yenu iko mu ua, haina betri, haitakimbia. Nabakisha muntu mumoja wa kupiga. Ukinipiga risasi, piga, mais utachomoa betri kisha ya huyu Mwenye Nyumba kuanguka."

Rigobert alikuwa amejibana nyuma ya kabati la nguo na mkono mdomoni. Baadaye alisema kwamba katika maisha yake hajawahi kusikia kimya kama kile, na rumba ilikuwa inalia.

Kijana ndiye aliyepiga hatua, akainama juu ya bega la Habiba. "Eh! Ni ile ya makengele?" Alisema Kiswahili chenye ulimi wa Lingala. "Tulikuwa nayo kwa nyumba ya komanda. Hapana muntu alipitaka tablo ya tano."

"Sasa unaona ya munane. Usinipumulie mu sikio."

"Ruka, mama! Ruka! Atarudi na kushoto!"

Alirudi kwa kushoto. Roho moja ikapotea. Yule mkubwa alitukana, akatazama mlangoni, akatazama saa yake, halafu, kwa uchovu kuliko kwa huruma, akakaa juu ya mfuko wa vitambaa. "Dakika kumi," alisema.

Picha ilikuwa imeanza kunywea. Kingo nyeusi ziliingia kutoka pande zote, na Mwenye Nyumba akawa mdogo kama kiganja. Redio nayo ilivuta maneno kama mlevi. "Chomoa redio," alisema Habiba, na Rigobert akatambaa, akachomoa ndombolo na rumba kwa pamoja. Walibaki watano wakitazama kioo kilichokuwa kinafifia, Paluku naye, midomo yake ikisali au ikihesabu mapigo, haikujulikana. Pigo la saba lilimkuta Mwenye Nyumba kifuani. Alitetemeka, akapasuka vipande vipande, na kengele ikateremka polepole.

Kijana alipiga makofi. "Amekwisha!"

"Bon. Chomoa," alisema mkubwa, akiinuka.

"Bado," alisema Habiba. "Haijaisha."

Ndoa haikutokea. Lilitokea giza lenye nyota, wimbo wa taratibu usio na ngoma, na maandishi ya Kijapani yakipanda mstari kwa mstari kutoka chini.

"Inasema nini?" aliuliza kijana.

"Ni majina," alisema Habiba. Hakuwa anajua herufi hata moja, lakini alijua orodha inavyokaa. "Bantu benye walitengeneza. Kila mumoja na kazi yake. Walimaliza, wakaandika majina. Tutabasoma wote."

Na wakakaa. Askari wawili waliokuwa wanakimbia vita na mfanyabiashara aliyepigwa walikaa katika chumba cha mshonaji, majina ya watu wasiowajua yakipita mbele yao, mpaka la mwisho likasimama peke yake katikati ya kioo kilichobaki kama sahani ya chai. Habiba aliliangalia mpaka lilipozimika lenyewe. Kisha akaweka maneti chini.

"Sasa mubebe."

Waliibeba. Paluku akaamriwa kuifunga. Askari mkubwa akageuza ufunguo, na kamyoneti ikasema krr. Akageuza tena, ikasema kidogo zaidi. Mara ya tatu haikusema kitu. Kuisukuma hawakuweza: mdomo ulikuwa ukutani, nyuma kulikuwa na mfereji, na juu ya gari mifuko ya unga. Mkubwa alimshika Paluku kola na kudai amebadilisha betri. Kijana ndiye aliyeanza kucheka, akishikilia bunduki yake ya kamba.

"Si yeye, chef. Mama alikula courant yote ya betri. Tulimuangalia!"

Waliondoka kwa miguu kuwafuata wenzao, na redio ya Rigobert begani kwa kijana. Rigobert alitoka mbio hadi mlangoni akipiga kelele kwamba angalau wamwachie kaseti iliyomo. Hawakumwachia.

Waasi waliingia mjini siku ile ile, watu wakakata matawi na kuimba barabarani. Kamyoneti ilikuwa bado uani. Paluku hakuhitaji tena kuvuka mpaka, akamjia Habiba na debe la mafuta ya mawese na uso wa mtu aliyeona muujiza.

"Ulijua, mama. Ulijua watakuja, ukaimaliza betri makusudi."

"Sikujua. Niliiba amana yako, Papa Paluku. Nilitaka kumaliza jeu, ule muchezo wangu."

"Mungu alikutumia."

"Labda. Mais miye sikumuuliza. Unisamehe kwanza, mafuta kisha."

Alimsamehe, ingawa kanisani aliendelea kusimulia habari za mshonaji mwerevu. Kila iliposimuliwa mbele yake Habiba aliisahihisha, hata pale ambapo kunyamaza kungempa wateja.

Juma lililofuata umeme ulirudi. Redio za wengine zilitangaza kwamba nchi itabadili jina na kila kitu kinaanza upya. Habiba alikuwa akipinda ncha za gauni la msichana wa komunyo ya kwanza. Rigobert alisimama mlangoni, mikono mitupu, hajui la kufanya na ukimya.

"Sasa umeshaimaliza. Utaicheza tena?"

"Juu ya nini? Nimeshaona mwisho."

Alichomoa kaseti kwenye mashine, akaipuliza vumbi, akamtupia.

"Tablo ya kwanza," alisema. "Roho tatu, kama bantu bote. Na usiniletee tena habari ya ndoa."