Koleo Lililosahaulika Mkiani

Shangazi yangu ni fundi redio, na hagusi kazi kabla ya kufunga kila kifaa kwa kamba kiunoni. Bisibisi, tochi, mkasi, vyote vinaning'inia. Akitembea dukani utadhani anahamisha sufuria. Wateja humcheka. Wacheke tu, hawajui.

Baba yangu, ambaye ni kaka yake, alikuwa na kindege cha watu wawili, cha mbao na turubai, alichokiunda mwenyewe. Antena ya nje ilivunjika mara kwa mara. Shangazi akamwambia, "Kaka, mbao hazizuii mawimbi. Nitakutengenezea ya ndani." Akapita nyuma ya kiti, akatambaa hadi mkiani, miguu tu ikibaki nje. Akabandika vipande viwili virefu vya shaba ubavuni, huku akilitukana giza. Alipotoka ametapakaa gundi, tulimpigia makofi.

Baba akaruka kuijaribu. Mimi na shangazi tulibaki uwanjani na redio ya mkononi. Sauti ikaja safi, kama yuko chumba cha pili.

"Dada, wewe ni kiboko!"

Shangazi akacheka, akainama kukusanya vifaa vyake. Ghafla kicheko kikakatika. Akamwaga mfuko wote chini, akapapasa nyasi.

"Koleo," aliniambia. "Nimeliacha kule mkiani."

Mkiani ndiko zinakopita nyaya za kuinua na kushusha ndege. Koleo likijibana pale, baba hana usukani tena. Kumwambia ni kumtia hofu. Kunyamaza ni kumuua. Shangazi akabonyeza redio.

"Kaka, nisikilize. Usiinue pua wala kuishusha kwa ghafla. Koleo langu liko huko nyuma, karibu na nyaya."

Nikakitafuta kindege angani. Sijawahi kuogopa vile.

"Kumbe," baba akasema. "Usukani unakwamakwama. Nilidhani ni mkono wangu."

"Shuka polepole. Niko hapa. Ongea nami, usinyamaze."

"Niongee nini sasa?"

"Chochote. Nitukane."

Akamtukana. Alimtukana mpaka juu ya miti, mpaka magurudumu yakagonga nyasi, yakaruka, yakagonga tena na kutulia.

Tulikimbia. Injini ilikuwa imezimwa, lakini baba hakushuka. Alikuwa ameukamata usukani kwa mikono miwili, macho mbele. Shangazi akapanda, akaanza kumbandua vidole, kimoja kimoja, akirudia, "Umefika, kaka. Umeshafika."