Miaka Kumi na Miwili ya Mama Eunkyung

Muhula huu tumesoma namba zilizo chini ya sifuri. Tumesoma pia kwamba nyangumi si samaki, jambo ambalo wauza samaki wawili wa darasa letu wamelikataa mpaka leo, na kwa Kiingereza tumefundishwa kusema mimi ni mwanafunzi. Darasa letu ni la kwanza la shule ya kati ya watu wazima, ile iliyo kati ya msingi na sekondari, wanafunzi thelathini na mmoja, wote akina mama, na mdogo kabisa ana miaka hamsini na minane. Mkuu wa shule kila Jumatatu hutuambia elimu haina mwisho. Ni kijana, hajui ni vitu vingapi vina mwisho.

Mimi naitwa Malrye, nina sabini na mbili. Nilisugua watu migongo kwenye bafu la umma hapa Masan kwa miaka ishirini na sita, kwa hiyo simwonei mtu aibu, nimeshawaona wote walivyo. Mwenye aibu alikuwa jirani yangu wa dawati, Cha Pilnyeo.

Pilnyeo alizaliwa milimani. Alipofika darasa la nne baba yake alimtoa shule ili abebe wadogo zake mgongoni, maana walikuwa watano na mgongo wa mama ulikuwa mmoja. Baadaye aliolewa hapa mjini, akafiwa na mume mapema, akakaa miaka thelathini na mitano sokoni akiuza mboga za porini na mizizi ya maua ya kengele iliyomenywa. Vidole vyake havikuwahi kutakata tena. Alijaliwa mtoto mmoja tu, Eunkyung, na huyo ndiye aliyemfanya mwongo.

Mwaka Eunkyung alipokuwa darasa la tatu ilikuja fomu ya shule ya kujazwa nyumbani: una televisheni? Una friji? Mama amesoma mpaka wapi? Televisheni na friji Pilnyeo alijibu kweli, hakuwa navyo. Kwenye elimu akaandika sekondari. Basi kesho yake mwalimu akasimama mbele ya darasa, akasema wenye mama waliomaliza sekondari wanyooshe mikono. Ndivyo walivyokuwa wakifanya zamani zile, na Mungu awasamehe, mimi bado sijawasamehe. Eunkyung akanyoosha. Walikuwa watatu tu darasa zima. Alirudi nyumbani anatembea kama mtoto wa daktari.

“Ungekuwa wewe ungefanyaje?” Pilnyeo aliniuliza.

“Mimi ningeandika nina friji.”

Eunkyung alikua akawa mwalimu wa shule ya msingi huko Ulsan, na uongo ule ukakua naye. Kwa hiyo Pilnyeo alipojiunga na shule yetu, isiyomdai mtu cheti, mwezi wa tatu, alimwambia binti anakwenda kituo cha wazee kucheza ngoma. Madaftari yake yalilala kwangu. Asubuhi nampa, jioni ananirudishia, na sikuwahi kuyafungua.

Shule aliipenda kuliko sisi wote. Alifika kabla ya mlango kufunguliwa, akafuta dawati letu kwa mkono wa sweta. Mwalimu akiuliza swali alinyoosha mkono kwanza, halafu akanigeukia, nami namnong'oneza jibu. Siku zile nililiona jambo la kuchekesha. Nilikuwa na chongo ya makusudi.

Mwezi wa tano, siku ya kuwaenzi wazazi, Eunkyung alikuja na maua na kipande cha nyama ya ng'ombe. Akakuta chini ya sinki masufuria matatu yaliyoungua mpaka yakawa meusi. Kesho yake akampeleka mama yake kituo cha afya kupimwa kumbukumbu, na Pilnyeo kwa woga akaniburuta na mimi.

Muuguzi alikuwa mpole. Akauliza, “Mama alisoma mpaka wapi?”

“Sekondari,” Eunkyung akajibu mara moja. “Miaka kumi na miwili.”

Muuguzi akaandika kumi na miwili. Nikamkanyaga Pilnyeo mguu chini ya meza. Akauvuta mguu wake.

Kipimo chenyewe kilianza vizuri. Aliambiwa ataje mboga kwa dakika moja, akataja mpaka muuguzi akaacha kuandika. Zingine yule muuguzi hajawahi hata kuzisikia. Lakini alipoambiwa arudie namba kinyumenyume, na kuendeleza michoro iliyopangwa, alikwama. Na ile sentensi aliyoambiwa aishike kichwani, alipoulizwa mwishoni, alitabasamu tu.

“Kipimo hiki tunakisoma kwa umri na miaka ya shule,” muuguzi akaeleza. “Angekuwa mtu aliyeishia darasa la tatu au la nne, ningewaambia mrudi mwakani. Lakini kwa miaka kumi na miwili, alama hizi ziko chini. Itabidi aende hospitali kubwa.”

Nilimtazama Pilnyeo. Neno moja tu lilihitajika, na mwenye nalo alikuwa yeye. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Tulipokuwa tunasubiri binti alete gari nilimvaa. “Wewe una akili kweli? Si umesikia? Sema uliishia la nne!”

“Alinyoosha mkono, Malrye. Mbele ya darasa zima.”

“Hiyo ni miaka arobaini iliyopita!”

“Afadhali niwe mgonjwa. Ugonjwa hauna lawama.”

Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu wangu alificha uzima, na sijui methali ya watu wa namna hiyo.

Hospitali kubwa waliipokea ile miaka kumi na miwili kama ilivyoandikwa. Eunkyung akaamua: mama atahamia Ulsan, makao ya wazee yaliyo karibu na kwake, nyumba ya Masan ipangishwe. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa akipanga vyombo pale kwa mama yake huku analia. Ndipo Pilnyeo alipoelewa kwamba anapoteza shule, na jioni moja mezani akakusanya nguvu zote alizokuwa nazo.

Alinisimulia kesho yake akicheka, cheko la mtu aliyepigwa.

“Nimemwambia. Nimesema mimi sikumaliza sekondari, mimi ni mwanafunzi wa shule ya kati, darasa la kwanza, na Alhamisi nina mtihani wa hesabu.”

“Akasemaje?”

“Akaweka kijiko chini. Akanishika mkono. Akasema, ‘Sawa mama, utakwenda.’ Halafu akaenda jikoni kumpigia mumewe simu. Nikamsikia: imefika pabaya, sasa anasema anakwenda shule.”

“Si ungemwonyesha kitambulisho cha shule!”

“Nimekificha mahali,” akasema. “Pazuri kabisa. Sikumbuki wapi.”

Nikaenda mwenyewe nyumbani kwa Pilnyeo. Nilivaa koti langu la harusini, nikabonyeza kengele, nikamweleza Eunkyung pale mlangoni kwamba kila neno alilosema mama yake ni kweli, kwamba na mimi ni mwanafunzi, tunakaa dawati moja. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akaniuliza taratibu, kwa sauti ya kuongea na watoto wa darasa la kwanza, “Shangazi, na watoto wako wanajua uko huku?”

Nilirudi kwangu nikiwa nimewaka moto. Nikachukua daftari la hesabu la Pilnyeo, nikarudi nalo mpaka mlangoni pale, nikamwekea Eunkyung mkononi.

Mwandiko wa mama yake aliujua. Alisoma jina kwenye jalada, na jina la darasa, akakaa chini pale pale penye viatu.

“Ni kweli,” akasema. “Basi sekondari...”

“Aliishia la nne. Aliandika kwa ajili yako.”

Pilnyeo alikuwa ametokea nyuma yake. Eunkyung alimkumbatia miguu, akalia, halafu katikati ya kilio akaanza kucheka, maana alikuwa amepiga hesabu. “Miaka minne! Kwa miaka minne hana kitu! Muuguzi mwenyewe alisema. Mama, wewe mzima!”

“Hujakasirika?” Pilnyeo akauliza.

“Nikasirike nini, mama? Nyumba haipangishwi.”

Nilifurahi, sitaficha. Nilijiona nimefanya la maana kuliko yote maishani mwangu. Tukaingia ndani, Pilnyeo akatumenyea tikiti, na Eunkyung akalifungua daftari kama anavyofungua daftari la mtoto yeyote, mwalimu hana likizo.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa mwezi wa tatu: namba chini ya sifuri, mfano wa baridi ya Januari, mwandiko mzuri. Akatabasamu. Akafunua wa pili. Tarehe mpya, kichwa cha habari kilekile, mfano uleule wa baridi. Akafunua wa tatu, na wa nne. Mwezi wa nne, mwezi wa tano, tarehe zinakwenda mbele na somo limesimama. Kila siku tulipofundishwa jingine, Pilnyeo alikuwa ananakili ukurasa wake wa kwanza, nukta kwa nukta, na chini yake anaandika: nimeelewa.

Tabasamu la Eunkyung lilibaki usoni muda mrefu kidogo baada ya kwisha.

“Shangazi,” akaniuliza bila kuinua macho, “darasa liko wapi sasa hivi?”

“Kwenye herufi zinazosimama badala ya namba.”

“Tangu lini?”

“Tangu mwezi wa nne.”

“Na wewe unakaa naye dawati moja. Ulikuwa hujui?”

Nilitaka kusema sikujua. Nilikuwa nimeibeba hiyo kweli kila siku mdomoni, nikiinong'ona na kuiita utani. “Nilikuwa nampa majibu,” nikasema.

Pilnyeo alisukuma sahani ya tikiti upande wa binti yake. Alikuwa na raha, siri yake ya miaka arobaini imetoka na hakuna aliyemgombeza. “Mwalimu, naandika vizuri?” akamuuliza.

“Unaandika vizuri sana, mama.”

“Basi Alhamisi nitakwenda mtihani?”

Eunkyung alilifunga daftari, akamshika mkono. “Sawa mama,” akasema, “utakwenda.”

Gari la kuhamisha vyombo lilikuja Jumatano.