Viatu vya Matangani

Mara ya kwanza kuingia kwenye ile nyumba nilimuuliza kijana aliyekuwa anatuuzia ni lini mafundi watarudi kumalizia plasta. Matofali yalikuwa wazi kuta zote, mabomba yanapita darini bila haya, na nguzo nene za chuma zimesimama katikati ya sebule. Kijana alicheka kwa adabu, akasema hivyo ndivyo watu wanavyotaka siku hizi. Mume wangu naye akacheka, akanifinya mkono ninyamaze. Tulikuwa tunatoka Edmonton, pembezoni mwa London, kwenye nyumba ya kupanga yenye plasta, zulia, na watu wa kwetu Mombasa mtaa mzima, tunakuja kununua nyumba ambayo haijakwisha kujengwa.

Mume wangu hakuwa mjinga, alikuwa na lake. Jengo lile lilikuwa kiwanda cha jemu, na yeye alipofika London akiwa kijana mbichi alifanya kazi humo, orofa ya tatu, penye mapipa ya kuchemshia matunda. Walivaa mabuti ya mpira mchana kutwa, maji ya sukari yakipenya mpaka kwenye soksi, na jioni vidole vimebabuka. Kiwanda kilipofungwa akaenda kuendesha basi, na kitu cha kwanza alichojinunulia kilikuwa viatu vya ngozi. Tangu hapo hakuacha. Kabatini mwake viatu vilikuwa vingi kuliko nguo, vyote vinang'aa, vyote vimelika kisigino upande wa nje kwa ule mwendo wake wa kutupa miguu. Aliposikia kiwanda kimegeuzwa nyumba za watu wa maana, aliapa kwamba atalala palepale alipobabuka vidole. Tukapata orofa ya tatu. Nilimpenda, nikahama.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini inaishia. Mtaa ulikuwa ndiyo kwanza unapata sifa. Chini yetu kulifunguliwa mkahawa ambao viti vyake havikufanana hata viwili, na ng'ambo ya barabara, ghala la zamani likawa mahali pa kuonyesha picha ambazo mimi sikujua zimetundikwa juu chini au sawasawa. Majirani walikuwa vijana wazuri, wanapanda lifti na baiskeli zao, wanatabasamu, na tabasamu hilo ndilo mwanzo na mwisho wa ujirani.

Edmonton mtu akipita huita hodi tu, hata kama hana la kusema. Huku lazima uwe na namba ya mlango wa nje, kisha ukabiliane na mlinzi mezani, akuulize unakwenda kwa nani, ampigie simu mwenyewe, ndipo akufungulie lifti. Watu wetu walikuja mara moja kushangaa. Waliyasifu madirisha, wakauliza kwa upole kama plasta itapigwa, wakaenda zao. Mungu hakutujaalia mtoto, kwa hiyo sisi tuliishi kwa wageni. Nilimwambia mume wangu, tumejifungia. Akasema, "Watazoea." Hawakuzoea.

Alifariki asubuhi moja ya baridi, amekaa kitandani anafunga kamba za viatu aende kazini. Kiatu kimoja kilikuwa kimefungwa. Walisema ni moyo.

Wanaume walimwosha na kumzika, na baada ya hapo hofu yangu ilikuwa moja tu: eda. Kwetu mjane hukaa eda nyumbani kwa mumewe miezi minne na siku zake, hatoki ila kwa dharura, na wanawake huja kumkalia kwa zamu, mmoja na uji, mwingine na umbeya, ili asile peke yake na asilie peke yake. Lakini nani angepita mbele ya mlinzi yule kila siku kuja kunikalia? Nilimweleza shangazi ya marehemu, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu kule Edmonton. Akanishika kidevu, akaniambia, "Mwanangu, waje kwanza kwenye hitima. Wakishaijua njia watarudi. Zamu nitazipanga mimi mwenyewe."

Basi nikaiweka roho yangu yote kwenye ile hitima. Sebule haikuwa na ukuta, tukafunga kamba kutoka nguzo hadi nguzo na kutundika leso, wanaume upande wa madirisha, wanawake upande wa jikoni. Shangazi alitaka kufukiza udi, nikamkataza kwa ajili ya kengele ya moto, akaniangalia kama mtu aliyeambiwa asipumue. Lakini watu walikuja. Walikuja kwa mabasi na kwa treni, wengine kutoka Hounslow na sare za kazi chini ya makoti. Nilimsikia mlinzi kwenye simu ya mlangoni mara nyingi hata akaacha kuuliza.

Katikati ya kisomo nilifungua mlango kidogo nichungulie. Viatu vilijaa ukumbini, kutoka mlangoni kwetu mpaka karibu na lifti, vya kike na vya kiume, vimepandana. Kwetu msiba hupimwa mlangoni: ukiona viatu unajua marehemu alikuwa mtu wa watu. Nilivitazama na, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikasema moyoni, sitakaa peke yangu.

Tulisoma, tukaomba dua, tukapakua pilau. Mtu wa kwanza kuaga alifungua mlango, akasimama. Ukumbi ulikuwa mtupu. Umepigwa hata deki.

Nilishuka kwa mlinzi miguu chini, mjane mzima. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliniudhi zaidi. Aliniambia ukumbi ni njia ya kukimbilia moto ukitokea, hakiachwi kitu, na tangazo lilibandikwa ndani ya lifti wiki nzima. Tangazo nililiona. Nilidhani ni la baiskeli. Mtu mzima gani atawaza kwamba viatu vya waliokuja kusoma hitima ni vitu vilivyoachwa? Wafagiaji walikuwa wamevizoa kwenye mifuko myeusi na kuvipeleka chini, kwenye mashine ya kushindilia taka. "Samahani sana, madam," akasema. "Hatukujua kuna watu ndani yake." Mpaka leo sijui alikuwa na maana gani.

Nilipanda juu nikafungua kabati la mume wangu. Sikuwa na la kufanya jingine. Nje kulikuwa na theluji ya kuyeyuka, na sebuleni watu wazima wamekaa na soksi. Nikaanza kugawa. Wanaume walivipokea wakitazama chini, kila mmoja akijaribu kwa aibu, vingine vikubwa, vingine vinabana. Vya kwangu navyo wakavaa wanawake, mpaka kandambili za bafuni. Shangazi alitoka na makubazi ya marehemu, kavaa na soksi mbili. Hakuna aliyelalamika. Laiti wangelalamika ningepata wa kugombana naye.

Mlangoni shangazi aliniambia, "Njoo wewe kwetu. Huku hatutaweza kuja na kurudi." Nikamwambia anajua kwamba mjane hahami, eda hukaliwa alipofia mume. Akasema, "Najua." Akaingia kwenye lifti.

Nikakaa eda peke yangu. Walipiga simu mwanzoni. Kila aliyepiga alianza na kuomba radhi kwa ajili ya viatu, kwamba atavirudisha, nami nilijibu havidaiwi, ni sadaka ya marehemu, na baada ya hapo hatukuwa na la kusema. Nadhani waliona haya kuja na viatu vile, na haya kuja bila vile. Nilikaa chini ya yale mabomba, nikatazama matofali. Siku za jua ukuta ulitoa harufu ya sukari iliyoungua. Nilipika wali wa mtu mmoja. Kabati nililiacha wazi ili nizoee kuliona tupu, na sikuzoea.

Eda ilipokwisha, hakuna aliyekuja kuniogesha wala kunipaka udi. Nilijiogesha, nikavaa nguo nyeupe niliyojinunulia kwa simu, nikatoka kwenda Edmonton kumwona shangazi. Kwenye basi la orofa mbili, mtu aliyekuwa anapanda ngazi mbele yangu alikuwa na viatu vya kahawia. Nilivijua kabla sijamjua mwenyewe. Nilivifuata kwa macho ngazi zote. Kisigino kilichokuwa kimelika upande wa nje kilikuwa kimetolewa na kuwekwa kipya, na hicho kipya kimeanza kulika upande wa ndani.

Aligeuka, akanitambua, akatazama miguu yake. "Shemeji," akasema, "tumekutupa kweli. Tutakuja. Wallahi tutakuja."

Nikamwambia karibuni. Hakuniuliza namba ya mlango, nami sikumtajia.