Mpishi Aliyepata Mtafsiri

Ilianza Jumanne, saa nne na robo asubuhi, tulipofungiwa majumbani mara ya pili kwa sababu ya korona. Nilikuwa darasani kwenye kompyuta, kamera nimezima, maiki nimezima, kama kawaida yangu. Tangu tuanze kusomea nyumbani sikuwahi kusema neno. Nilikuwa naandika tu.

Mwalimu alituonyesha katuni fupi ya enzi za babu zetu. Paka na mbwa wanaongea Kiingereza safi kabisa. Binadamu mweusi ni mmoja tu, mama mpishi: midomo kama maandazi mawili, macho yamemtoka, na akifungua kinywa ni kubwabwaja tu. Akasema kesho kila mtu aeleze anavyoiona, tena kwa sauti. Kwa sauti! Mweusi darasani ni mimi peke yangu. Nilijua wote watanisubiri mimi.

Baada ya masomo niliirudia ile katuni sebuleni. Baba, aliyekuwa akijiandaa kwa zamu ya mchana ghalani, akasimama nyuma yangu, buti moja mguuni.

"Huyu mama anasema lugha gani?"

Nikamjibu kwa Kiingereza, maana ndivyo tunavyoongea, yeye Kiswahili, mimi Kiingereza, kwamba si lugha, ni kelele tu.

"Kelele? Basi amekosa mtafsiri."

Kule kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, kabla sijazaliwa, baba alikuwa mtafsiri kwenye kibanda cha video. Filamu inakwenda, yeye kashika maiki, anawasemea wahusika wote kwa Kiswahili.

"Zima sauti," akaniambia. Nikazima. Mpishi akaanza, kwa sauti ya baba: "We paka! Sahani ya jana hujaosha, leo unaniuliza nyama? Mimi nina kwangu, na saa kumi na moja natoka!"

Mama yangu, aliyekuwa akikata vitunguu jikoni, alicheka hadi akaweka kisu chini. "Mwambie na likizo anataka!"

Mimi sikucheka mara moja. Ile midomo bado iliniuma. Ila sasa mwenye midomo alikuwa na kwake.

Baba akanipa mwiko. "Haya, shika maiki." Nikanong'ona.

"Mtafsiri hanong'oni, mwanangu. Watu wa nyuma watakurushia ndala."

Tulirudia mpaka akachelewa kuvaa buti la pili.

Kesho yake asubuhi, jina langu lilipoitwa, niliwasha maiki. Nikamwomba mwalimu aicheze katuni bila sauti. Kisha nikamsemea mpishi, Kiswahili kwanza, Kiingereza baadaye, kwa sauti ya kuwafikia watu wa nyuma.