Eshantiyo ya Mama Mdogo

Kazi yangu ni kusoma RNA, yaani nakala za maagizo yanayoiambia kila chembe ya mwili itengeneze nini. Kwa zile kansa za matiti zinazokwenda mbio, tunajaribu kuandika agizo letu wenyewe, lifundishe kinga ya mwili kumtambua adui. Nyumbani wakiniona nimeanza kueleza, hukumbuka ghafla kwamba wana safari.

Mwaka ule nilikuja likizo nyumbani Kolwezi, mji wetu wa migodi. Mama mdogo, aliyenilea baada ya mama kufariki, alinionyesha uvimbe kwenye titi lake. Ulikuwa mgumu, na ulikuwa ukikua haraka. Nilimwambia hospitali ichukue eshantiyo, yaani kipande kidogo cha kupima, ili tujue ni nini.

Akafunika kifua. "Eshantiyo? Mi sitaki."

Nilidhani anaogopa sindano, nikaanza kuhubiri. Akanikatiza.

"Kwa jirani balikuya kukamata eshantiyo ya udongo. Baliona kobalti, balichimba chini ya nyumba mpaka ukuta ikaanguka. Sasa weye, mutoto yangu, unataka bachimbe mi?"

Nilicheka, kisha nikakumbuka anakoishi. Ni Kasulo, mtaa ambao madini ya kobalti yako chini ya nyumba za watu. Huko neno hilo likitamkwa mlangoni, nyumba haina siku nyingi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Nikalitupa neno langu la maabara. "Mama, ukionja kijiko cha sombe, sufuria inaisha?"

Akafikiri. Halafu maswali yakaanza, mpaka ya kazi yangu, mengine ya kunitania, mengine ya kweli.

"Na ile agizo munaandika, ikiingia mu mwili, kansa nayo haiwezi kuisoma?"

Nilifurahi nusura nimkumbatie. Ndilo linalotusumbua sisi pia: agizo lifike wapi, na nani alisome. Tuliongea mpaka makaa ya jiko la mbabula yakawa majivu. Kesho yake alijifunga kitenge chake cha misa, tukapanda pikipiki kwenda hospitali.

Majibu yalipotoka, yalikuwa mabaya. Ilikuwa kansa, tena ya aina ileile ninayoisoma miaka yote. Daktari alipanga kuliondoa titi na kumpa dawa zilizopo. Mama mdogo akanigeukia mimi.

"Na dawa yako?"

Niliona aibu, na hasira pia. "Bado, mama. Tunaijaribu kwa panya."

"Banaponaka?"

"Wengine."

Akanishika mkono. "Basi ambia bale panya bapone mbio. Mi niko kwa mulongo, nimesimama nyuma yabo."