Mishikio ya Shaba ya Boma

Kabla ya vita vya Maji Maji nilikuwa mkereza hapa Kilwa. Kerezo langu, mashine ya kuzungushia mti na shaba, lilikaa uani, nikiliendesha kwa mguu, nikichonga miguu ya vitanda na vipini vya visu. Vipini vya shaba vilinisumbua: mkono ukitoka jasho, vinateleza. Ndipo Mhindi mwenye duka la vyuma akanionyesha kifaa kilichotoka Bombay, fimbo ya chuma yenye vigurudumu viwili vya meno madogo kwenye ncha.

"Kandamiza kwenye shaba inayozunguka," aliniambia. "Itakuwa kama ngozi ya papa."

Nilikinunua. Mwanzoni niliharibu shaba nyingi, maana nilikandamiza kwa woga. Shaba ilipozunguka tena, meno yakakosa njia yao ya kwanza, alama zikavurugana. Nikajifunza kutia nguvu tangu mwanzo, na tone la mafuta ya nazi.

Sifa zikafika bomani. Akida, msimamizi wa serikali, akaja, akashika kisu kimoja, akakivuta huku na huku.

"Hakitelezi?"

"Hata mkono ukilowa, bwana," nikajibu kwa majivuno.

Akaagiza mishikio minne ya shaba, mitupu ndani, ya kujaa kiganja. Sikuuliza ya nini. Nani angeuliza?

Vita vilipozuka, shemeji yangu, mume wa dada, aliletwa kutoka Kikole amefungwa kamba. Walisema amewaficha waasi waliokunywa dawa ya maji. Mimi na dada, aliyekuja nyuma yao, tulikimbilia bomani, tukamkuta amelazwa kifudifudi uwanjani. Askari alisimama juu yake na kiboko. Mshikio wa kiboko kile uling'aa shaba. Nikazijua alama za meno ya kifaa changu.

Nilimwendea akida. "Bwana, huyu ni mkulima tu, hana habari na vita."

"Rudi nyuma, fundi, au ulale naye."

Nilirudi nyuma. Walimpiga hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, na mkono wa askari haukuteleza hata mara moja.

Tulimbeba hadi kwangu. Dada alimkanda kwa maji ya chumvi, kisha akaniuliza, bila kunitazama, "Ni kazi yako ile?"

"Ni yangu."

Akageuka kumkanda tena. Juma lililofuata akida alituma askari: mishikio sita mingine. Dada alikuwa mlangoni, akasikia. Nilikaa kwenye kerezo nikaanza, kwa sababu askari alikuwa amekaa uani kunisubiri. Kabla sijamaliza wa pili, dada alimwinua mumewe, naye hajaweza hata kuvaa kanzu, wakashika njia ya Kikole kwa miguu.