Baraza Letu Limemtenga Dada Yangu

Kisa hiki kimetufikia kwa barua kutoka Jimbo la Magharibi. Mwenyewe ameomba jina lake na la kijiji chake yasitajwe, nasi tumeyaficha.

Ndugu wasomaji, mimi ni mama wa watoto wanne, umri wangu unakaribia miaka arobaini, ni Mkristo na mkulima. Naishi na mume wangu katika kijiji kilicho karibu na reli, upande wa Igalula. Pia ni mjumbe wa baraza la kijiji, mwanamke peke yangu kati ya wanaume. Niliwekwa kwa sababu Bibi Maendeleo, Mzungu anayesimamia kazi hizo, alisema kila baraza liwe na mwanamke. Wazee walikubali huku wakicheka, wakasema angalau chai itapatikana. Sasa hakuna anayecheka, nami usingizi umenikimbia.

Mwaka jana baada ya mavuno tuliitwa Tabora, wajumbe wa vijiji vingi, kwenye mafunzo ya kuendesha baraza na kuimarisha vijiji vyetu. Tulilala shuleni, tukala wali, tukafundishwa kusikiliza hoja, kupiga kura kwa kunyoosha mikono, na kwamba jambo likishapita ni la wajumbe wote, hata la yule aliyelikataa. Sitasema uongo, nilifurahi, nikajiona mtu wa maana. Siku moja Bibi alitaka kila kijiji kieleze desturi yake inayowashika majirani pamoja. Mwanangwa wetu, yaani mkuu wa kijiji, akasimama akaeleza vizuri sana: kwetu jirani hanyimwi moto wa kuwashia, tunalimiana mashamba, na kaburi huchimbwa na wanaume wa kijiji kizima. Bibi alipofasiriwa alipiga makofi. Akasema hayo ndiyo ya kurudi nayo nyumbani tukayatie nguvu.

Hakuna aliyemweleza upande wa pili, nami sikuukumbuka. Tuliulizwa kinachotushika pamoja, nani angewaza kinachotenga? Kumbe ni desturi hiyo hiyo. Mtu akikataa kazi ya pamoja hapewi moto, hasalimiwi, hachoti maji na wenzake, na akifiwa hachimbiwi kaburi, mpaka alete mbuzi na pombe, apige magoti mbele ya majirani. Anayemsaidia naye hutengwa. Zamani wazee walikuwa wazito kufika huko. Walibishana kutwa nzima, na kwanza walituma mtu nyumbani kwa mkosaji kumwuliza ana nini.

Tuliporudi tulianza kuchimba kisima, kila nyumba itoe mtu. Nyumba ya dada yangu mkubwa haikutoa. Mumewe alirudi kutoka mashamba ya mkonge na ugonjwa wa kifua, anatema damu, hageuki kitandani bila kushikwa, na hawana mtoto wa kiume. Nilieleza hayo yote barazani. Mzee mmoja akasema kila nyumba ina mgonjwa wake, tukianza kusamehe kisima hakitachimbwa. Mikono ikanyooshwa, wangu ukabaki mapajani, na kabla chai haijapoa dada yangu alikuwa ametengwa.

Tangu hapo watu wanapita mlangoni pake kana kwamba hakuna nyumba. Nilimsihi aombe radhi, mbuzi nitamtafutia mimi. Akanijibu kwamba hawezi kuomba radhi kwa kosa la kumuuguza mumewe. Nilikasirika, nikamwita mkaidi, kisha nikalia njia nzima. Nikamwendea mwanangwa, nikapiga magoti mimi badala yake. Hakunifukuza. Alinikumbusha kwa upole kwamba hata mimi nilikuwapo Tabora, najua jambo likishapita. Mwalimu wa kanisa letu naye alisema kuomba ataomba, lakini kuchimba kaburi peke yake hawezi, ana familia.

Wiki hii shemeji ameacha kula kabisa. Juzi nilikwenda kwao, nikapita katikati ya mtama nisionekane. Dada hakulia wala hakunikaribisha kiti. Aliniambia, "Mdogo wangu, moto sikuombi, kiberiti ninacho. Nakuomba watu wa kuchimba."

Nilirudi nikamweleza mume wangu. Ni mtu mwema, hajawahi kuninyanyulia mkono. Alikaa akivuta tumbaku yake, halafu akasema, "Nikichimba mimi, siku yetu atachimba nani?" Nikaenda kupika.

Tumeambiwa Bibi Maendeleo atakuja kukiona kisima, na kijiji chetu kitatajwa kuwa mfano wa umoja. Wanawake wameshaanza kujifunza nyimbo. Naweza kusimama siku hiyo nikamwambia kila kitu. Lakini Mzungu anaweza kuamuru watu wachimbe barabara, hawezi kuwaamuru wamlilie jirani. Watanyoosha mikono mbele yake, na akishapanda gari hakuna atakayekuja na jembe. Mimi nitaitwa mwanamke aliyekiuza kijiji.

Ndugu zangu, nina hasira, na sijui niielekeze kwa nani. Mwanangwa si mtu mbaya. Bibi si mtu mbaya. Hata wale walionyoosha mikono wamenisaidia kuzika mama yangu, na walilia kweli. Ndiyo maana inaniuma zaidi.

Kwetu mwanamke hachimbi kaburi. Nimekwisha kuutazama udongo wa nyuma ya nyumba yao, mvua zimekatika na umeanza kuwa mgumu. Najua pia kwamba gazeti hili hutufikia limechelewa, na shemeji hatalingoja. Kwa hiyo msihangaike kunishauri kama nichimbe au nisichimbe. Nitachimba na dada yangu. Shauri ninaloliomba kwenu ni la siku itakayofuata: wanangu wakiamka, wakawaamkia watu wazima shikamoo, asipatikane hata mmoja wa kuwaitikia, niwaambie nini?